Dari ya zege inachemka saa tatu usiku: jinsi ya kukokotoa mlinganyo wa joto mwenyewe, hatua kwa hatua

Kama unaishi chumba chenye slabu juu, iwe Sinza, Kijitonyama au Kariakoo, hii huhitaji kufundishwa: jua limeshazama, nje kaupepo ka baharini kameanza, ila ukiingia ndani saa tatu usiku ukanyoosha mkono kuelekea dari unahisi kama jirani wa juu kawasha jiko la mkaa. Feni inazungusha joto lilelile. Na ukipanda juu ukaigusa slabu yenyewe, imeshapoa!

Kwa nini chini kuna moto wakati juu kumeshapoa? Hilo swali ndio lilinifanya nijifunze mlinganyo wa joto, na ndio mfano tutakaoutumia mwanzo mpaka mwisho. Mwongozo huu ni kwa mtu anayejua hesabu za kidato cha sita kidogo na Python ya kuombea maji, hahitaji zaidi. Laptopu yoyote inatosha, hata simu yenye Colab (Python ya Google inayoendeshwa mtandaoni) inatosha, na hatua mbili za mwanzo ni kalamu na karatasi tu, kwa hiyo umeme ukikatika endelea.

Mlinganyo wenyewe unasema nini

Joseph Fourier, Mfaransa, aliuchapisha 1822 na mpaka leo haujabadilika. Kwa unene mmoja tu (juu kwenda chini) unaandikwa hivi:

dT/dt = alfa × d²T/dx²

T ni joto, t ni muda, x ni umbali kutoka uso wa juu wa slabu, na alfa ni difyusiviti, yaani joto linasambaa haraka kiasi gani ndani ya kitu chenyewe. Zege ni kama 0.0000007 mita mraba kwa sekunde. Alumini ya sufuria ni kama 0.000097, zaidi ya mara 100 ya zege, ndio maana sufuria inakuunguza mkono chapu na zege linakuja kukuunguza usiku.

Watu wanaogopa ile d²T/dx². Usiogope, inasema kitu cha mtaani kabisa: kila sehemu inajilinganisha na majirani zake wawili. Kama wewe ni wa moto kuliko wastani wa majirani, utapoa. Kama ni wa baridi kuliko wastani wao, utapanda. Kama uko sawa na wastani, unabaki ulivyo. Hiyo picha ya majirani ishike, kila kitu huku mbele kinatoka hapo.

Kabla hujaendelea piga hesabu moja ya haraka: unene kwa unene gawanya kwa alfa. Slabu yetu ina sentimita 15, kwa hiyo 0.15 × 0.15 / 0.0000007 = kama sekunde 32,000, karibu saa 9. Hujaandika mstari hata mmoja wa programu na tayari unajua stori ya zege hili ni ya masaa, sio dakika na sio wiki. Programu ikija kukuambia limepoa lote ndani ya dakika tano, muongo ni programu.

Kata slabu vipande

Kompyuta haijui mstari unaoendelea bila kukatika, inajua namba. Kwa hiyo slabu tunaikata kwa unene: pointi ya 0 iko juu kabisa juani, pointi ya N iko chini unapoiona ukiwa umelala kitandani, na umbali kati ya pointi na pointi tunauita dx. Muda nao tunaukata, kila hatua ni dt. Sasa zile derivativu zinageuka kuwa kutoa na kugawanya, ndio maana inaitwa njia ya tofauti finaiti:

joto jipya = joto la zamani + r × (jirani wa juu − 2 × joto la zamani + jirani wa chini)

na

r = alfa × dt / dx²

Basi. Hiyo ndiyo njia ya eksplisiti, nusu ya kozi nzima iko kwenye hiyo mistari miwili. Majirani wote unawachukua kwa joto lao la ZAMANI, hii nairudia huko chini maana imenitesa.

Fanya kwa mkono kwanza

Najua unataka kukimbilia kompyuta. Subiri. Chukua pointi tano tu, zote zina joto 30, ghafla ya juu kabisa inapigwa na jua inakuwa 60 na inabaki hapo, ya chini kabisa tunaishikilia kwenye 30. Tuweke r = 0.25. Pointi ya pili: 30 + 0.25 × (60 − 60 + 30) = 37.5. Endelea hivyo hivyo:

mwanzo:   60   30      30      30      30
hatua 1:  60   37.5    30      30      30
hatua 2:  60   41.25   31.88   30      30
hatua 3:  60   43.59   33.75   30.47   30

Nzuri, joto linashuka taratibu kama maji yanavyolowesha ukuta. Sasa mtu mwenye haraka anasema mbona hatua ndogo hivi, ngoja niongeze dt mara nne nimalize mapema. r inakuwa 1. Piga mwenyewe kwa kalamu, usiniamini mimi:

mwanzo:   60    30    30    30   30
hatua 1:  60    60    30    30   30
hatua 2:  60    30    60    30   30
hatua 3:  60    90     0    60   30
hatua 4:  60   −30   150   −30   30

Angalia hatua ya 3. Kitu cha moto kuliko vyote ni 60, ila ndani ya zege kumetokea 90, na pembeni yake sentimita chache kuna sifuri. Barafu ndani ya slabu Kariakoo! Hatua ya nne maji yangechemka upande mmoja na upande mwingine ni baridi kuliko friza. Na hesabu hujakosea hata moja, fomula ni ileile. Kilichoharibu ni r.

Sababu unaiona ukiipanga fomula upya: joto jipya = r × jirani mmoja + (1 − 2r) × wewe mwenyewe + r × jirani wa pili. r ikiwa 0.25 wewe unabaki na nusu ya kura yako na majirani wanagawana nusu. r ikiwa 0.5 kura yako ni sifuri, unachukua wastani wa majirani moja kwa moja. r ikizidi 0.5 kura yako inakuwa HASI, yaani kadiri ulivyokuwa wa moto ndivyo unavyolazimishwa kuwa wa baridi, hatua inayofuata unarudi kinyume kwa nguvu zaidi, na pembea hiyo haisimami. Kwa hiyo sheria:

r isizidi 0.5

Mimi naiandika juu ya karatasi kabla ya kitu kingine chochote. Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy walifungua mjadala huu wa hatua za muda na za umbali mwaka 1928, kabla hata kompyuta hazijakuwepo. Na kama unajiona mjinga kwa kulipua namba zako, Lewis Fry Richardson, Mwingereza mwenye kichwa kikubwa sana kwenye hizi mambo, 1910 alipendekeza njia ya mlinganyo huu iliyoonekana nadhifu zaidi kwenye muda, baadaye ikaja kuonekana haitulii kwa r yoyote ile. Yoyote! Wakati ule watu walipiga kwa mkono hatua chache wakasimama, hivyo haikupata muda wa kulipuka.

Chagua namba za slabu yetu

Unene 0.15 m, N = 15, kwa hiyo dx ni sentimita moja, yaani 0.01 m. dt kubwa inayoruhusiwa = 0.5 × 0.0001 / 0.0000007 = sekunde 71.4. Tunachukua sekunde 60, r inatoka 0.42, tuko salama na siku nzima ni hatua 1440.

Hapa kuna mtego wa gharama. Ukitaka picha nyororo ukapunguza dx iwe nusu, dt inatakiwa iwe ROBO, kwa sababu dx iko kwenye mraba. Pointi mara mbili, hatua mara nne, kazi mara nane. Ukienda mpaka milimita moja, dt mwisho ni sekunde 0.71 na siku moja tu inakula hatua kama 121,000. Kwa slabu moja kompyuta haijali, ila siku ukienda kwenye jengo zima utanikumbuka.

Na yunitsi, jamani yunitsi. Mara ya kwanza kabisa nilifanya hii kwa ajili ya fundi mmoja aliyekuwa anataka kujua amwambie nini mwenye nyumba, nikaweka dx kwa sentimita na alfa nikaiacha kwa mita. r ikatoka 0.000042. Programu haikulalamika, ikachora grafu safi kabisa iliyonyooka kama rula, slabu haipitishi joto kabisa, na mimi nikamtumia jamaa ujumbe kwamba zege la sentimita 15 linatosha kuzuia jua. Akanijibu kwa sauti, "Kaka, we njoo ulale humu siku moja." Nikaenda. Sikulala.

Ndio maana kwenye kodi (sio ya nyumba) mstari wa kwanza baada ya namba ni kuchapisha r. r ikiwa kubwa inalipuka, hiyo utaiona. r ikiwa ndogo mno haisemi kitu, hiyo ndiyo hatari.

Mipaka: juu na chini

Juu ni rahisi, tunaipa joto kila hatua. Nimetumia wimbi la siku moja: wastani 36, linapanda na kushuka 13, kilele saa saba na nusu mchana. Yaani uso wa slabu unatembea kati ya 23 na 49. Hizo ni namba nilizochagua za siku ya jua kali, ukiwa na kipimajoto weka zako.

Chini ndipo watu wanapokwama. Pointi ya mwisho haina jirani wa chini. Tuanze kwa kudhani upande wa chini joto halitoki kabisa. Ujanja wake ni kuweka pointi hewa, ndiyo, kama wafanyakazi hewa: kwenye orodha ipo, kazini haipo. Unaipa joto sawa na la pointi N−1 ili mteremko pale mwisho uwe sifuri, ukiingiza kwenye fomula inapotea yenyewe na kubaki:

joto jipya la N = T[N] + 2 × r × (T[N−1] − T[N])

Ile 2 isikutoroke. Wengi wanafanya T[N] = T[N−1] wanaondoka, inafanya kazi lakini usahihi unashuka pale mpakani na uozo unaenea ndani.

Programu

```
import numpy as np

alfa = 7e-7
L = 0.15
N = 15
dx = L / N
dt = 60.0
r = alfa * dt / dx**2
print("r =", r)
assert r <= 0.5

def juu(t):
    return 36 + 13*np.cos(2*np.pi*(t - 13.5*3600)/86400)

T = np.full(N+1, 30.0)
for n in range(4*1440):
    t = (n+1)*dt
    mpya = T.copy()
    mpya[1:N] = T[1:N] + r*(T[0:N-1] - 2*T[1:N] + T[2:N+1])
    mpya[N] = T[N] + 2*r*(T[N-1] - T[N])
    mpya[0] = juu(t)
    T = mpya
    if n >= 3*1440 and (n+1) % 60 == 0:
        print((n+1)//60 - 72, round(T[0], 1), round(T[N], 1))
```

Saa zinaanza usiku wa manane, kwa hiyo 21 ni saa tatu usiku. Nimeiendesha siku nne nikachapisha ya nne tu, kwa sababu ile 30 ya kuanzia niliibuni, na slabu inahitaji muda kuisahau. Kwa unene huu siku mbili zinatosha, nne ni kujitanua.

Kwenye majibu yake, juu kilele ni saa saba na nusu mchana, 49. Chini kilele kinakuja kama saa kumi na moja na robo jioni, 45 na kitu. Na saa tatu usiku juu kumeshuka mpaka 31 wakati chini, pale juu ya kitanda chako, bado ni 41. Tofauti ya nyuzi kumi! Ulipoigusa slabu juu ukasema imepoa hukukosea, na mkono wako chini nao haukukosea. Lile ni jua la mchana limechelewa njiani.

Kuhusu ule mstari wa `T.copy()`. Ukiandika `mpya = T` bila kopi, Python haitengenezi arei nyingine, inaweka jina la pili tu kwenye arei ileile. Ukiwa unatumia lupu ya pointi moja moja, pointi ya 2 inasoma jirani ambaye keshabadilika, joto linakimbia kuelekea chini haraka kuliko kuelekea juu. Haiangushi programu, inatoa namba za kawaida kabisa. Mimi niliigundua kwa bahati, niliweka joto katikati ya slabu tu nikategemea lisambae sawa pande zote, likawa linaegemea upande mmoja kama daladala lililobeba konda wote mlango wa kushoto.

Ukitaka kuona mlipuko, futa assert, weka dt = 90, na toa lile sharti la `n >= 3*1440` ili uone namba toka siku ya kwanza. r inakuwa 0.63, imezidi kidogo tu. Kabla siku ya kwanza haijaisha namba zina tarakimu zaidi ya 100, siku ya pili zinaanza kutoka nan, yaani sio namba tena.

Usiiamini mpaka uipime

Grafu nzuri sio ushahidi, nishasema. Kipimo ninachotumia: pande zote mbili zishikilie kwenye sifuri, joto la kuanzia liwe kilima, 40 × sin(pi × x / L). Hiyo ina jibu kamili la karatasi, kilima kinabaki na umbo lilelile kinapungua tu kwa exp(−alfa × pi² × t / L²). Baada ya saa moja katikati inatakiwa ibaki 13.243.

Weka N = 20 (ukiweka 15 hakuna pointi ya katikati, utajikuta unalinganisha vitu viwili tofauti) na dt = 30. Programu inatoa 13.206, imekosea 0.037. Sasa N = 40, dt = 7.5, r ileile. Inatoa 13.234, kosa 0.009. Kosa limegawanyika kwa nne ulipoigawa dx kwa mbili, na hiyo NNE ndiyo unayoitafuta. Ikigawanyika kwa mbili kuna kitu umekosea, mara nyingi ni mpakani. Isipopungua kabisa, rudi kwenye yunitsi. Afu kuna zawadi moja ndogo: ukichagua r = 1/6 kamili makosa ya dt na ya dx yanafutana na usahihi unaruka sana. Jaribu, inafurahisha.

Chumba sio thermosi

Ile dhana kwamba chini joto halitoki imetia chumvi, kiukweli linamwagika chumbani, ndio maana huwezi kulala. Ongeza:

```
h = 8.0
k = 1.4
Bi = h*dx/k
chumba = 30.0
mpya[N] = T[N] + 2*r*(T[N-1] - T[N]) - 2*r*Bi*(T[N] - chumba)
```

Ile mistari minne ya mwanzo inakaa juu nje ya lupu, wa mwisho unachukua nafasi ya mstari wa zamani wa mpaka. h ni hewa ya chumba inavyopokea joto kutoka darini, 8 ni ya kukadiria, k ni upitishaji joto wa zege. Bi inatoka kama 0.057. Na sheria ya mpakani imekaza kidogo, sasa ni r × (1 + Bi) isizidi 0.5, kwetu ni 0.44, inapita.

Matokeo yanashuka yanakuwa ya kibinadamu: chini kilele ni 39 kama saa kumi na dakika ishirini jioni, na saa tatu usiku ni 35. Hewa ya chumba nimeishikilia 30 muda wote, ambayo kwa chumba kilichofungwa madirisha ni ukarimu.

Ukitaka hatua ndefu: implisiti

Kwenye eksplisiti tuliwauliza majirani joto lao la zamani. Kwenye implisiti tunawauliza joto lao JIPYA, ambalo nao hawalijui bado, kwa hiyo wote wanajibu kwa pamoja. Mlinganyo wa kila pointi:

(1 + 2r) × mimi mpya − r × (majirani wapya wawili) = mimi wa zamani

Rudi kwenye zile pointi tano na r = 1 iliyotuletea barafu. Pointi tatu za ndani tuziite a, b, c, na tuhesabu nyuzi zilizo juu ya 30:

3a − b = 30
−a + 3b − c = 0
−b + 3c = 0

Ya tatu inasema c = b/3. Ingiza kwenye ya pili, a = 8b/3. Ingiza kwenye ya kwanza, 7b = 30. Ukirudisha ile 30 unapata 60, 41.43, 34.29, 31.43, 30. r ileile, hatua ileile, hakuna barafu. Na hata ukiweka r = 100 hailipuki, usahihi wa muda tu ndio unapungua.

Huo mtiririko wa kubadilisha ya chini kwa ya juu ndio algorithimu ya Thomas, imepewa jina la Llewellyn Thomas. Kazi yake inakua sambamba na idadi ya pointi, kwa hiyo usije ukachukua `np.linalg.inv` ukageuza matriksi nzima kwa ajili ya hii, ni kama kukodi fuso kubeba mkate.

```
def tomasi(a, b, c, d):
    n = len(d)
    b = b.copy()
    d = d.copy()
    for i in range(1, n):
        w = a[i]/b[i-1]
        b[i] -= w*c[i-1]
        d[i] -= w*d[i-1]
    x = np.zeros(n)
    x[-1] = d[-1]/b[-1]
    for i in range(n-2, -1, -1):
        x[i] = (d[i] - c[i]*x[i+1])/b[i]
    return x
```

Mistari ya kutayarisha, kwa slabu yetu yenye chumba chini (a, b, c za hapa sio zile pointi tatu, ni vizidishi vya jirani wa juu, mimi na jirani wa chini, na d ni upande wa kulia wa mlinganyo):

```
a = np.full(N, -r)
b = np.full(N, 1 + 2*r)
c = np.full(N, -r)
a[-1] = -2*r
b[-1] = 1 + 2*r + 2*r*Bi
```

na ndani ya lupu:

```
d = T[1:].copy()
d[0] += r*juu(t)
d[-1] += 2*r*Bi*chumba
T[1:] = tomasi(a, b, c, d)
T[0] = juu(t)
```

Toa ile assert, weka dt = 600, yaani dakika kumi, r = 4.2, na urekebishe idadi ya hatua: siku moja sasa ni 144 badala ya 1440, na kwenye kuchapisha saa moja ni hatua 6. Kuna na njia ya katikati, ya John Crank na Phyllis Nicolson ya 1947, inayochukua wastani wa eksplisiti na implisiti. Usahihi wake kwenye muda ni mzuri zaidi na hailipuki, ila ukiipa mruko wa ghafla na r kubwa inatetemeka, namba zinapanda na kushuka karibu na mpaka kabla hazijatulia. Kwa jua linalopanda taratibu iko freshi. Kwa kitu kama maji ya baridi kumwagwa ghafla juu ya slabu, mimi naanza na hatua chache za implisiti kavu ndio nahamia huko.

Mambo ya pande mbili, mfano kona ya ukuta au nguzo inayopita kwenye slabu, fomula inaongeza majirani wawili tu na sheria ya eksplisiti inakaza mpaka r isizidi 0.25. Hapo implisiti inaanza kulipa kweli, na Peaceman na Rachford 1955 walionyesha unaweza kwenda upande mmoja kwa nusu hatua, upande wa pili nusu nyingine, kila mara ukitumia Thomas uleule.

Sasa ichezee

Yule fundi alirudi na swali lingine, mwenye nyumba anataka kupaka chokaa nyeupe juu, je inasaidia au ni kupoteza hela. Kwenye programu nilibadilisha namba mbili tu kwenye `juu`: wastani kutoka 36 kwenda 31, na mpando kutoka 13 kwenda 7. Hizo nimekadiria, chokaa ya kwako na vumbi la mtaani kwako ni ishu nyingine. Mistari mingine yote sikuigusa. Saa tatu usiku dari ikashuka kutoka 35 mpaka chini kidogo ya 32. Safari hii nilimtumia na r pia, 0.42, akauliza hiyo ni nini, nikamwambia hiyo ndiyo iliyonilaza macho kwako siku ile.